Hawaa na Ridhaa

Mtu atokaye mjini Morogoro alfajiri, akaupa mgongo uwanda na mashamba ya mkonge, akaikabili milima ya Uluguru kwa miguu, hupita katika hali nyingi kabla ya jua kusimama utosini. Nyuma yake huacha mji ulio kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, wenye miembe, vumbi na joto. Mbele yake hukuta migomba, kisha matuta ya mboga, kisha ubaridi, kisha msitu wa ukungu chini ya kilele cha Lupanga, chenye urefu wa mita 2,138. Akiulizwa ni penye jiwe gani joto liliishia na baridi ikaanzia, hana jiwe la kuonyesha. Hata hivyo hapana mwenye akili asemaye kuwa mjini na kileleni ni mahali pamoja kwa sababu tu hapana ukuta kati yao.

Elimu ya nafsi imetumia zaidi ya miaka mia moja kujifunza juu ya hawaa za binadamu jambo ambalo mlima humfundisha mkwezi kwa nusu siku. Tamaa za watu hazikugawanywa mafungu mawili, moja la wazima na jingine la wagonjwa, kwa ukuta ulio wima. Zimepandana kama mteremko. Lakini mteremko nao una mahali pa salama na mahali pa maporomoko, na aliyejua kuwa njia ni moja hana budi kujua pia ni wapi mguu huteleza.

Msomaji na achukue mfano wa mke na mume vijana, ambao si watu wa nyumba fulani, bali ni mfano tu. Mke ametoka Mgeta. Mume ni mtu wa mjini, ana kazi, ana adabu, hanywi wala hapigi. Katika mwaka wa pili wa ndoa yao, usiku mmoja, mume anasema neno alilolificha tangu ujana: kwamba hutamani, faraghani na mlango ukiwa umefungwa, kufungwa mikono kwa kanga na kuamrishwa na mkewe. Akiisha kulisema, huona haya, akageukia ukuta. Mke hajui acheke ama alie. Asubuhi hutazama chai ikipoa mbele ya mtu ambaye jana alidhani anamjua.

Apeleke wapi neno hili? Akimwendea mganga, yamkini ataambiwa kuwa mumewe ameingiliwa na jini mahaba, na jini hutaka kafara. Akiwaendea shoga zake, kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa na kicheko. Akinyamaza, kimya kitalala kati yao kitandani kama mtu wa tatu. Lugha yenyewe haimsaidii. Kiswahili ni tajiri wa maneno ya mapenzi: kina mahaba, huba, ashiki, nyonda, shauku na hawaa, lakini kwa tamaa ya namna hii, ambayo wanafunzi wa siku hizi wameanza kuiita kinki, hakina neno ila matusi. Uhuni, wazimu, upotofu: hayo ni maneno ya kuhukumu, nayo hayafai kwa kuuliza. Na jambo lisiloweza kuulizwa haliwezi kufahamika.

Hata Ulaya ilianza kwa kuhukumu. Mwaka 1886 tabibu Richard von Krafft-Ebing alitoa kitabu kilichoitwa Psychopathia Sexualis, ambamo alikusanya habari za watu wenye tamaa zisizo za kawaida. Wengi wao walikuwa wamefika kwake ama kwa maradhi ama kwa mashtaka. Yeye ndiye aliyeeneza katika tiba jina la sadizimu, kutokana na Marquis de Sade, kwa hawaa ya kutia maumivu. Na mnamo 1890 akaanzisha jina la masokizimu, kwa hawaa ya kutiwa maumivu na kutawaliwa, kutokana na mwandishi Leopold von Sacher-Masoch. De Sade alikuwa amekwisha kufa tangu 1814, lakini Sacher-Masoch alikuwa hai bado. Mtu alilala mwandishi, akaamka jina la ugonjwa.

Kosa la mwanzo huo halikuwa uongo; lilikuwa kosa la mahali pa kutazamia. Atazamaye watu kutoka dirisha la hospitali huona wagonjwa tu, na atazamaye kutoka dirisha la gereza huona wahalifu tu. Wale waliokuwa majumbani mwao, wakipendana kwa namna yao bila ya kumdhuru mtu, hawakuwa na sababu ya kubisha hodi kwa tabibu. Sigmund Freud, mwaka 1905, aliukaribia mteremko alipoeleza kuwa chembe za hayo yaliyoitwa upotofu hupatikana katika mapenzi ya watu wa kawaida pia. Lakini yeye naye aliendelea kusikiliza kutoka kitanda cha wagonjwa wake.

Aliyetoka nje ya hospitali kwa hesabu alikuwa Alfred Kinsey wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Elimu yake ya kwanza ilikuwa ya wanyama, na kwa miaka mingi alikusanya nyigu wadogo, akawapima mmoja mmoja, akastaajabu jinsi mdudu na nduguye wasivyolingana. Macho hayo ya kuhesabu tofauti aliyageuza kwa wanadamu. Katika vitabu vyake viwili, cha 1948 juu ya wanaume na cha 1953 juu ya wanawake, hakuuliza watu ni wa kundi gani. Aliuliza wamefanya nini na wametamani nini, kisha akawapanga katika kipimo chenye daraja kutoka 0 hadi 6. Kipimo hicho kilihusu mapenzi ya jinsia moja na ya jinsia mbili, lakini fikira yake ilivuka mpaka huo. Mathalani, karibu nusu ya wanaume na zaidi kidogo ya nusu ya wanawake aliowauliza walikiri kuwa kuumwa kwa meno na mpenzi huwaamsha kwa kiasi fulani. Kati ya jino la mahaba na maumivu ya kweli hapana jiwe la mpaka, pana mteremko.

Msomaji wa Morogoro ana mfano ulio karibu zaidi kuliko nyigu wa Indiana. Katika miamba yenye kivuli ya Uluguru, kama ilivyo Usambara, huota ua dogo la rangi ya urujuani ambalo leo hupamba madirisha ya dunia nzima. Mwaka 1893 lilipewa jina la Saintpaulia, kwa ajili ya Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyelifikisha Ulaya. Wataalamu wa mimea walilichunguza, na kwa kila tofauti ya unywele juu ya jani wakataja aina mpya, hata aina zikapita 20. Wenzao wa karne hii walipozipitia upya, waliona kuwa nyingi zimeungana kwa hatua ndogo ndogo, wakazipunguza ziwe chache. Maua hayakubadilika; kilichobadilika ni daftari. Na mwanadamu, aliye mgumu kusomeka kuliko jani, ataandikwaje kwa mstari mmoja tu?

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeongeza uzito katika mizani hiyo. Mwaka 2008 Juliet Richters na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano ya watu 19,307 wa Australia. Miongoni mwa waliokuwa na maisha ya mapenzi, asilimia 1.8 walikuwa wameshiriki katika michezo ya kufungana, kutawalana au kutiana maumivu kwa hiari ndani ya mwaka mmoja. Hao hawakuonekana kuwa na dhiki ya nafsi kupita wengine, wala hawakuwa wamelazimishwa kimapenzi zaidi ya wengine. Mwaka 2013 Andreas Wismeijer na Marcel van Assen wa Uholanzi waliwalinganisha watu 902 wenye mwenendo huo na watu 434 wasio nao. Wa kwanza walionekana kuwa na wasiwasi mchache zaidi na raha ya maisha zaidi, ingawa walikuwa wagumu kidogo katika kukubaliana na wenzao. Mwaka 2017 Christian Joyal na Julie Carpentier waliwauliza watu wazima 1,040 wa Quebec, Kanada. Karibu nusu walikiri kuwa na tamaa angalau moja ambayo vitabu vya tiba vilikuwa vikiiita si ya kawaida, na kiasi cha theluthi walikuwa wamewahi kuitenda. Neno "kawaida" huanza kutetemeka pale ambapo nusu ya watu wako nje ya ua wake.

Daftari za waganga nazo zilifuata. Denmark iliondoa sadizimu na masokizimu ya hiari katika orodha yake ya maradhi mwaka 1995. Sweden ikafuata mwaka 2009. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chake cha 2013, kilitenganisha tamaa isiyo ya kawaida na ugonjwa: tamaa peke yake si ugonjwa, mpaka iwe imemtia mwenyewe dhiki au ulemavu wa maisha, au imemdhuru mtu asiyekubali. Shirika la Afya Duniani likapitisha orodha yake ya kumi na moja mwaka 2019, ikaanza kutumika mwaka 2022. Ndani yake ugonjwa uliobaki si wa kutia maumivu kwa hiari, bali wa kutia maumivu kwa kulazimisha. Basi mstari haukufutwa. Ulihamishwa. Zamani ulipita kati ya tamaa na tamaa. Sasa unapita kati ya ridhaa na shuruti.

Hata hivyo mwanachuoni mwaminifu hafungi kitabu hapo. Waliohesabiwa Uholanzi ni watu waliojitokeza wenyewe, na ajitokezaye aghalabu ni yule aliyekwisha kufanya amani na nafsi yake. Tena, mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliwakumbusha wanasaikolojia kuwa hukumu nyingi juu ya binadamu zimetolewa kwa kuwatazama watu wa nchi chache za Magharibi, matajiri na wenye shule. Matokeo ya Quebec hayawezi kumwambia mtu ni wangapi wenye tamaa hizo Kilosa au Kinole. Na wachunguzi wenyewe hawajapatana juu ya asili ya jambo hili. Wako wanaoliona kama maelekeo ya kudumu, sehemu ya mtu alivyo, kwa kuwa wengi hueleza kuwa walilihisi tangu ujana. Wako wanaoliona kama mchezo wa watu wazima unaojifunzwa kwa bidii, kama Staci Newmahr alivyoandika mwaka 2010. Huenda kweli ni ya wote wawili: kuna mtu ambaye jambo hili kwake ni jina, na kuna ambaye kwake ni kitoweo. Hapo napo pana mteremko.

Je, Uluguru ina nini cha kusema? Si haki kudhani kuwa mlima ulikuwa bubu mpaka vitabu vilipofika. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na miili haikuwa aibu katika lugha yao hata wakaogopa kuipa ardhi majina yake. Matombo, mahali pajulikanapo sana mashariki ya milima hiyo, maana yake katika Kiluguru ni matiti. Binti alipovunja ungo aliingizwa ndani akawa mwali, akafundwa na wanawake wakubwa, kisha akatolewa kwa ngoma. Desturi hiyo, ambayo James Brain aliiandikia mwaka 1978 kama kuzaliwa mara ya pili, ina jamaa zake kwa Wazaramo, Wakwere na Wakaguru. Huko ndiko iliko sanamu ndogo ya mti iitwayo mwanahiti. Siri za mafunzo hayo ni za wenyewe, wala si kazi ya makala kuzianika. Itoshe kusema kuwa palikuwapo mahali ambapo mambo ya chumbani yalisemwa kwa mdomo wa mtu mzima, kwa heshima, bila ya kicheko cha mtaani. Ila desturi ilikuwa na upungufu wake: mwali alifundwa wajibu, lakini hakuulizwa anataka nini. Mwili ulikomaa, naye akaingizwa ndani.

Kuna desturi nyingine iliyo karibu zaidi na swali la mume yule, nayo ni utani. Msibani, watu wakiwa katika machozi, mtani huja akazuia jeneza, akaiga sauti ya marehemu, akadai fedha, akatukana. Tusi lile lile likitoka kinywani mwa mtu mwingine lingeleta damu. Kwa mtani halileti, kwa sababu pande zote mbili zinajua kuwa ni utani, zinajua ulipoanzia na utakapoishia, na anayetukana leo atatukanwa kesho. Watu wa Morogoro wamejua siku zote kuwa tendo halina maana moja; maana yake hutokana na mapatano yaliyolizunguka. Gregory Bateson, katika maandishi yake ya 1955, alilieleza jambo hilo kwa kuwatazama nyani waliokuwa wakicheza katika bustani ya wanyama ya San Francisco: waling'atana, lakini kila mmoja alijua kuwa kung'ata kule si kung'ata. Bateson alihitaji nyani. Mtoto wa Kiluguru angemwonyesha mjomba wake na watani wake.

Vivyo hivyo lugha ya shanga. Katika desturi za pwani na jirani zake, mke aliweza kumweleza mumewe, kwa rangi ya shanga alizozitundika chumbani, kuwa usiku huu njia iko wazi au imefungwa. Hakuwa na haja ya kupaza sauti. Watu wa Ulaya na Marekani wenye hawaa za kinki hukubaliana neno moja la siri ambalo, likitamkwa, mchezo husimama papo hapo. Shanga nyekundu na neno lile ni ndugu: yote mawili husema kuwa hata ndani ya mapenzi pana mlango, na mlango una komeo kwa ndani.

Sasa msomaji arudi kwa mke wa Mgeta, kwani hapo ndipo penye uzito. Jamii itakayomcheka mumewe kwa kuomba kufungwa kwa kanga, ndiyo hiyo hiyo iliyozoea kumvumilia mume ampigaye mkewe bila ya kuombwa. Uchunguzi wa taifa wa afya Tanzania wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kudhuriwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha kutamka kuwa hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata desturi ikisema vingine. Lakini Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilimtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu walipokuwa wametengana. Ridhaa ya mke akaaye na mumewe ikaachwa nje ya kizingiti. Huu ni upotofu wa mizani. Fimbo ya hasira imeitwa mila, na kanga ya hiari imeitwa wazimu.

Kwa sababu hiyo elimu hii ina hatari yake. Mpigaji aliyejifunza neno jipya aweza kulivaa kama joho, akasema: "Ndivyo nilivyo, nivumilie." Hapana. Kujua kuwa tamaa ya mtu ni sehemu ya nafsi yake humpa haki ya kutotukanwa. Hakumpi deni la kumdai mwenzake. Mume wa mfano wetu aweza kuwa mzima kabisa, na mke wake aweza kusema "sitaki" na akawa mzima vile vile. Umasikini wa mmoja haulipwi kwa kumnyang'anya mwingine. Na ridhaa ya kweli haipatikani kwa mwenye njaa, kwa mtoto, kwa mlevi, wala kwa aliyeogopeshwa talaka. Kwa mtoto haipatikani kamwe, hata maneno yawe matamu namna gani.

Msomaji na awaze kuwa mke yule, baada ya siku nyingi za kimya, amepanda gari mpaka kwa somo yake mlimani, bibi aliyemfunda, asiyejua Krafft-Ebing wala Kinsey. Ameketi chini, ameinamisha kichwa, amesema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu," huuliza bibi, "alikuomba, au alikushurutisha?"

"Aliniomba, bibi. Kisha akaona haya."

"Na ukikataa, atanyamaza kwa upendo, au atanyamaza kwa kisasi?"

Mke hufikiri. Hilo hakuwa amejiuliza.

"Basi nenda ukalitazame hilo," asema bibi. "Hilo la kanga ni lenu wawili."

Maswali hayo mawili yanabeba mzigo ambao tiba ya Ulaya iliubeba kutoka 1886 hadi 2019 ndipo ikautua. Si kwamba bibi amewapita wanachuoni, kwani hesabu zao ndizo zimevunja ukuta wa zamani na kuwatoa watu wengi katika aibu isiyo yao. Ni kwamba hesabu hueleza mteremko ulivyo, lakini haiwezi kumshika mkono mkwezi. Anayeshuka kutoka Lupanga jioni, ukungu ukiwa nyuma yake na taa za Morogoro zikianza kuwaka chini, hana budi kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine na kuuliza kila hatua kama ardhi imekubali. Wapendanao nao hushuka hivyo hivyo. Hawaa ni mlima aliopewa mtu bila ya kuuomba; ridhaa ni njia, na njia hutengenezwa na watu wawili.